Mguu Juu ya Boksi la Mota

Mguu wa kulia wa Bi Pindo ulilazwa juu ya boksi la mota kama mgeni mwenye cheo, na mito miwili chini yake. Ulifungwa bandeji nyeupe mpaka karibu na kifundo, vidole vinne vikichungulia nje kama watoto waliokatazwa kutoka. Cha tano, kidole gumba, ndicho kilichofanyiwa kazi, nacho kilikuwa ndani kabisa, hakionekani. Mwenyewe alilala chali akiutazama mguu wake kwa mbali, jinsi mtu anavyomtazama jirani wa ng'ambo ya barabara ambaye hawajasalimiana siku nyingi.

"Juu kuliko moyo," nesi alikuwa amemwambia siku ya kuruhusiwa. "Mguu ukae juu kuliko moyo, mama yangu. Ukiushusha utavimba, na ukivimba utanikumbuka."

Nyumba nzima ilitafutwa kitu cha urefu huo. Mito peke yake ilibonyea. Ndoo iliyofunikwa iliteleza. Mwisho binti yake akalivuta boksi la mota kutoka chini ya meza, akalipandisha kitandani upande wa miguuni, likakaa sawasawa kama lililopimwa.

Mota yenyewe ilikuwa ya umeme, ya kufungwa kwenye cherehani. Mumewe, ambaye kazi yake ni kupaka rangi nyumba za watu, ndiye aliyeileta wiki moja kabla ya upasuaji. Aliiweka chini ya meza, akafuta mikono kwenye suruali isiyokuwa na mahali pasafi, akasema, "Hii ikae tu. Kidole kikikunjika, tutamgawia mwenye shida nayo. Kisipokunjika, basi itakukanyagia yenyewe."

Katika ndoa Bi Pindo alikwisha kujifunza kwamba kuna maneno yanayojibiwa kwa mdomo na mengine yanayojibiwa kwa kazi. Ila jibu la safari hii lilikuwa mikononi mwa daktari, na baada ya daktari, kwenye kiungo kimoja kidogo cha kidole gumba.

Jina la Bi Pindo alipewa na wateja, kwa sababu pindo alilolishona yeye halikufumuka. Gauni lilichakaa, likawa kitambaa cha kufutia meza, na pindo bado limeshika. Cherehani yake ilikuwa ya miguu, nyeusi, imesimama sebuleni chini ya dirisha. Kanyagio lake la chuma lilikuwa la mauamaua, na mahali pamoja, mbele upande wa kulia, maua yalikuwa yamelika na kung'aa, doa la ukubwa wa yai. Hapo ndipo kidole gumba kilipokuwa kikitua kwa miaka ishirini na minane. Alishona peku. Alisema mwenye viatu hushona kama aliyeziba masikio, maana kitambaa kizito husikika mguuni kabla mkono haujakijua.

Kidole kilikula chuma, na chuma nacho kikala kidole. Kilianza kwa kunung'unika asubuhi za baridi. Halafu juu ya kiungo pakaota kitu kigumu kama kokwa. Mwishowe kikakataa kukunjika kabisa, na Bi Pindo akawa anakanyaga kwa ubavu wa mguu, mpaka nyonga nayo ikaingilia ugomvi usiokuwa wake.

Daktari alimwonyesha picha. Mfupa ulikuwa umeota pasipotakiwa.

"Tutachonga uliozidi," daktari alisema, "tusafishe kiungo, tufunge."

"Kama kupunguza kitambaa cha kwapani," Bi Pindo akasema, "mkono upate kunyanyuka."

Daktari alimtazama kidogo, akacheka. "Hivyo hivyo. Lakini baada ya hapo kazi ni yako. Nyuzi zikishatoka, ukikunje kila siku, hata kikuume. Kiungo kisipokunjwa kitaganda tena, na safari hii kitaganda pamoja na kovu."

Basi hilo ndilo lililokuwa juu ya boksi pamoja na mguu: kukunjika au kutokunjika.

*

Siku za kwanza zilikuwa za dawa. Alimeza vidonge viwili na maji, na baada ya muda kitanda kikawa kinaelea kidogo, si sana, kama kitambaa chepesi kinavyoinuka feni ikipita. Maumivu hayakuondoka; yalihamia chumba cha pili, yakawa yanaongea kwa sauti ya chini.

Katika hali hiyo aliona mambo. Kila mchana jua liliingia dirishani na kutandika kipande cheupe sakafuni, na Bi Pindo alikipima kwa macho: yadi mbili na nusu, labda na robo. Kinatosha gauni la mtu mwembamba. Alikikata kichwani, mgongo hapa, mikono pale, kola ikatoka kwenye pembe. Alipofumbua macho jua lilikuwa limesogea hadi kabatini, na gauni lote limemharibikia. Siku nyingine aliota mguu wake umetoka peke yake, umeshuka ngazi ya mlangoni, unapita mtaani na bandeji yake, watu wanaupisha kwa heshima, "shikamoo mguu," nao hauitikii.

Alipoamka alimsimulia binti yake.

"Haukuitikia?" binti akauliza, akikunja nepi.

"Haukuitikia. Umekuwa na kiburi tangu upewe mito miwili."

Binti huyu alikuwa amerudi kwao kujifungua, kwa kuwa mumewe anafanya kazi mbali, na mwezi baada ya mwezi kurudi kwake kukawa kunaahirishwa. Mtoto sasa alikuwa na miezi sita. Kwa udogo na uviringo wake walimwita Kifungo, na bibi yake alimwita mke mwenza, kwani babu akifika tu kutoka kazini humbusu mjukuu kwanza, mkewe baadaye kama rangi haijakauka mikononi.

Kifungo alizaliwa sauti ya cherehani ikiwa humo ndani. Tangu wiki yake ya kwanza alilazwa kwenye kapu la nguo kando ya kanyagio, na kila mchana bibi akishona, tiki-tiki-tiki, halafu kimya kidogo kitambaa kikigeuzwa kona, halafu tena tiki-tiki-tiki, mtoto alikuwa amekwisha lala kabla ya mshono wa pili. Hakubembelezwa, hakuimbiwa. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba huo ni wimbo, mpaka uliponyamaza.

Mchana wa kwanza aliangalia cherehani. Akangoja. Akageuza kichwa kumtazama mama yake, kama anayeuliza mwenye zamu yuko wapi. Halafu akaanza kulia, si kilio cha njaa wala cha tumbo, kilio cha mtu aliyekuta duka limefungwa.

Siku ya nne binti alikuwa na macho mekundu. Ndipo babu akasema ngoja yeye. Akakaa kwenye kiti cha fundi, akaweka mguu wa kiatu kwenye kanyagio, akasukuma. Gurudumu likarudi nyuma. Akasukuma tena kwa nguvu zaidi, likarudi nyuma kwa nguvu zaidi, uzi ukakatika, bobini ikajisokota ikawa kiota.

"Linaenda wapi hili?" akauliza.

"Linarudi ulikotoka," Bi Pindo akajibu kutoka kitandani, kwa kuwa pazia tu lilitenganisha chumba na sebule. "Lianzishe kwa mkono kwanza. Usilipige teke, mzee, halikukukosea."

Kifungo alicheka mpaka akapata kwikwi. Lakini kulala, hakulala.

Akaja wifi, dada wa huyo mzee, mama wa maneno mengi anayeuza vyombo vya plastiki sokoni. Yeye alijua kukanyaga, ila alikanyaga kama anayekimbizwa. Sindano ilipanda na kushuka hata meza ikasogea. Mtoto alishika ukingo wa kapu kwa mikono miwili.

"Huyu amezoea mwendo wa bibi yake," wifi akasema akijipepea. "Wifi yangu, umemharibu mtoto wa watu. Atatafutiwa mume mwenye cherehani."

"Tuijaribu ile mota," mzee akasema. "Labda mlio wake—"

"Mota iko kazini," Bi Pindo akasema, na akausogeza mguu kidogo juu ya boksi, kama mtu anayejiweka sawa kitini ili asinyang'anywe.

*

Siku ya saba nesi alifungua bandeji kubadilisha. Ilikuwa mara ya kwanza Bi Pindo kuuona mshono wake mwenyewe. Aliinuka kwa viwiko akautazama, si kwa hofu. Aliutazama kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwingine.

Nyuzi tisa, nyeusi, kila moja imefungwa fundo lake peke yake. Saba zilikaa vizuri, nafasi sawa, mvuto sawa. Lakini mbili za chini, karibu na kidole, zilikuwa za mtu aliyeangalia saa. Fundo la mwisho lilikaa upande, na mkia wake wa uzi ulikuwa mrefu, unaning'inia.

"Mwanangu," akamwambia nesi kwa adabu, "huu mkia mtaukata lini?"

"Tunauacha makusudi. Ndio tunaoushika siku ya kuzitoa. Kaa nao tu, siku saba nyingine."

Alisikia. Tatizo ni kwamba lilisikia sikio, mkono haukusikia.

Kwa maana kuna jambo moja ambalo mshonaji hawezi, nalo ni kuacha uzi unaning'inia. Mtu akipita mtaani na uzi mmoja umetokeza kwenye shati, Bi Pindo alikuwa anamsimamisha. Kwa ajili hiyo alitembea na mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, umefungwa utepe, unaning'inia shingoni miaka yote hiyo. Hata sasa kitandani hakuuvua. Na bandeji, ilivyorudishwa, haikuzuia kitu. Aliuona ule mkia kupitia ndani yake, kama mtu anavyomwona mgeni nyuma ya pazia jepesi.

Siku ya tisa, mchana, vidonge vilikuwa vimeanza kumfanya aelee. Binti alikuwa uani anaanika nguo. Kifungo alikuwa macho kwenye kapu lake, lililoletwa chumbani, ananyonya vidole na kutazama dari. Kipande cha jua kilikuwa kimepanda kitandani, kimefika kwenye mguu, na bandeji ikang'aa hata ikawa si bandeji tena. Ikawa gauni jeupe. Na mlangoni alisimama mteja, amempa mgongo, anangoja. Hakuharakisha mtu, alingoja tu, na gauni lilikuwa limekwisha kila kitu isipokuwa kusafisha nyuzi.

Bi Pindo alifungua bandeji taratibu, asikunje kitambaa. Akaupata mkia. Akaushika kwa ncha za vidole, akauvuta kidogo juu, kama inavyovutwa siku zote ili ukate karibu na kazi, mabaki yajifiche. Akakata. Safi. Na kwa kuwa ukikata mkia mmoja, wa jirani yake huonekana mrefu, akauvuta na wa pili, akakata.

Mteja mlangoni aligeuka kupokea gauni lake, akawa hayupo.

Pale palipokuwa na nyuzi mbili palifunguka polepole, padogo, kama tundu la kifungo. Tone moja jekundu likakaa ukingoni likifikiria. Bi Pindo akaamka usingizi ambao hakujua amelala. Alizitazama zile nyuzi mkononi mwake, na mafundo yake yapo, yamekuja nazo.

"Mama Kifungo," akaita. "Njoo. Usikimbie, lakini njoo."

Binti alikimbia.

*

Kwa nesi walikwenda watatu, mgonjwa, mzee, na binti na Kifungo mgongoni, kwa gari la kukodi. Nesi alifungua, akahesabu kwa kidole hewani. Saba. Akahesabu tena.

"Nani amekata?"

Mzee akatazama dari, kama mtu anayekagua rangi. Binti akamtazama mama yake.

"Mimi," Bi Pindo akasema.

"Kwa nini, mama yangu?"

"Ulikuwa unaning'inia."

Nesi alikaa kwenye kiti chake. Akaweka mkono mdomoni, mabega yakatikisika, akageukia ukutani mpaka yakatulia. Alipogeuka hakuwa anacheka tena.

"Kinyozi hajinyoi, mama."

"Na akijinyoa hujikata. Najua, mwanangu. Hata wewe siku moja nitakukuta unajishonea gauni."

Nesi alisafisha, akavuta kingo za kidonda zikutane, akazibana kwa vipande vyembamba vya plasta. Mikono yake ilikuwa laini kuliko maneno yake. Akasema siku kumi nyingine mguu juu ya boksi, bila kukanyaga, bila kugusa, na zaidi ya yote bila kukunja, maana pakivutwa patafunguka tena.

"Na kidole?" Bi Pindo akauliza.

"Kidole kitangoja."

"Na kikichoka kungoja?"

Nesi aliupitisha ukucha juu ya plasta kuilaza vizuri, akaupitisha tena mahali palepale palipokwisha lala. Hakujibu, na Bi Pindo akalipokea jibu lake.

Walipofika nyumbani, binti alimvua mama yake utepe wa mkasi shingoni, akauvaa yeye. Hakukemea. Alifanya tu, kama mama anavyomwondolea mtoto kisu, na Bi Pindo akainamisha kichwa ili utepe upite.

*

Zile siku kumi zilikuwa ndefu na hazikuwa na kingo. Dawa zilikuwa zimepunguzwa, hata hivyo ndoto ziliendelea kuja zenyewe, zimekwisha ijua njia. Aliota yuko chini ya maji na kanyagio lake, anakanyaga, na badala ya mlio mapovu yanapanda. Aliota kidole chake ni ufunguo wa kabati, na kabati limejaa nguo za watu, na ufunguo hauzunguki.

Mchana alisikiliza mtaa. Mtu alipiga msumari. Mtu alifagia. Nyumba ya tatu, au ya nne, palikuwa na redio. Hakusikia cherehani mahali popote, na akashangaa jinsi mtaa ulivyokuwa kimya, na kwamba pengine ni yeye aliyekuwa akiujaza.

Wifi alikuja na machungwa.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," akasema, akimmenyea. "Kula. Mimi sikupi pole, nakupa chungwa."

"Asante, wifi."

"Nimesikia ulisafisha nyuzi. Ungepiga na pasi kabisa."

Bi Pindo alicheka mpaka mguu ukamkaripia. Wifi alipoondoka, alilia kidogo, si sana, machozi yakaingia masikioni kwa kuwa alikuwa amelala chali.

Mzee, yeye, alikuwa akiketi jioni kwenye ukingo wa kitanda na karatasi ya maelezo ya mota, aliyoichomoa boksini kwa pembeni bila kusumbua mguu.

"Inaandika hapa, mishono elfu moja kwa dakika."

"Elfu moja za kwenda wapi?"

"Mimi nasoma tu, mwenzangu." Akaikunja karatasi. Halafu akasema, bila kumtazama, "Sitaki uje uketi hapo uumie kwa ubishi. Nimekusikia miaka miwili unaamka unachechemea unadhani nimelala."

Bi Pindo aliutafuta mkono wake, akaukuta una rangi ya kijani kwenye kucha. Akaushika hivyo hivyo.

Siku ya tano kati ya zile kumi, Kifungo alilia kupita siku zote. Binti alimzungusha sebule nzima, akachoka, akamweka kapuni, akakaa kwenye kiti cha fundi ili apumzike tu. Mguu wake wenyewe ukaenda kwenye kanyagio. Tangu utotoni alikuwa amekataa kujifunza. Alisema nyumba moja yatosha mshonaji mmoja. Sasa akasukuma, likarudi nyuma.

"Mkono kwanza," sauti ikapita kwenye pazia. "Gurudumu lije kwako. Ehe. Sasa kisigino. Sasa kidole. Usisukume. Lisindikize."

"Nalisindikizaje chuma, mama?"

"Kama unavyomsindikiza mgeni. Humburuti, unatembea naye. Vua kiatu."

Ikaanza. Tiki. Tiki-ti. Tiki. Ikafa. Ikaanza tena. Bi Pindo alifumba macho akaifuata kwa vidole vinne juu ya boksi, akisahihisha hewani. Baada ya robo saa hivi kilio kilipungua, kikawa manung'uniko, na manung'uniko yakapata mapengo. Halafu kimya. Binti alichungulia kwenye pazia, jasho puani, ananong'ona, "Amelala."

Bi Pindo alifurahi, na alifurahi kweli. Ila pembeni mwa furaha palikuwa na kitu kinamchoma, kama pini iliyosahauliwa kwenye pindo. Aligeuza uso ukutani ili pini ile asiione mtu.

Dakika kumi hazikupita, Kifungo akaamka analia tena. Na Bi Pindo, Mungu amsamehe, akatabasamu.

*

Siku nyuzi zilipotolewa nesi alizihesabu kwa sauti kwenye kisahani. "Saba. Mbili ulinisaidia." Kidonda kilikuwa kimefunga, kovu jembamba limepinda kidogo mwishoni, pale pa tundu la kifungo. Akampa kiatu cha hospitali, kipana, wazi mbele, soli ngumu kama ubao, na akamwonyesha kukunja: mkono mmoja ushike mguu, wa pili ushike kidole, panda, shuka, bila kufanya haraka.

Kidole hakikushuka. Kilikuwa kama cha mtu mwingine, kinene, kina rangi ya zambarau, kimelala. Bi Pindo alikunja meno badala ya kidole.

"Kesho tena," nesi akasema.

Nyumbani alijitengenezea kipimo. Boksi la mota liliwekwa sakafuni mbele ya kitanda, akakaa, akatandaza mguu juu yake, halafu akainua kisigino, vidole vimebaki chini, mpaka kidole gumba kiseme basi. Binti alishika tepu ya kupimia toka kisiginoni hadi kwenye boksi. Siku ya kwanza, robo inchi. Walimeza yote mawili, ile robo na kicheko. Siku ya tatu, nusu. Siku ya sita, inchi moja. Bi Pindo alijua kwamba kanyagio lake, mguu ukiwa mahali pake pa siku zote, lilitaka inchi mbili.

Kisha kikasimama. Inchi na robo. Kesho yake inchi na robo. Maji ya uvuguvugu, mafuta, kusugua, inchi na robo. Wiki nzima tepu ilisema neno moja.

"Jumamosi nitamwita fundi umeme," mzee akasema Alhamisi asubuhi, akifunga vifungo vya shati la kazi. Alisema taratibu sana. "Aifunge tu. Siku mguu ukitaka, tutaifungua."

"Sawa," Bi Pindo akasema. Hilo neno lilimtoka jepesi hata mzee akasimama mlangoni kidogo, kama anayengoja lililobaki. Halikuja.

Ijumaa mchana kulikuwa na joto. Binti alikuwa amelala chini kwenye mkeka, mkono mmoja umeshika kapu, mkasi mdogo umeanguka shingoni kando. Usingizi ulimkamata kabla ya mtoto. Kifungo alikuwa macho, halii bado, anakusanya pumzi. Bi Pindo alitoka chumbani na kiatu chake cha ubao, ko, ko, akishika ukuta. Alikuwa amekwisha ruhusiwa kukanyaga. Alikuwa hajaruhusiwa na moyo wake.

Alikaa. Kiti kilimjua. Akavua kiatu, akaweka mguu kwenye kanyagio, kidole kwenye lile doa linalong'aa. Chuma kilikuwa baridi. Akageuza gurudumu kwa mkono, likaja, kisigino kikapanda, inchi, inchi na robo, na hapo kidole kikakataa, na gurudumu likasimama juu, sindano imenyanyuka, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Akajaribu tena. Ikasimama palepale. Akalitazama lile doa. Miaka ishirini na minane alikuwa ameweka kidole hapo kwa sababu jana yake alikiweka hapo. Halikuwa limeandikwa.

Akaurudisha mguu nyuma. Kiasi cha upana wa vidole viwili, kidole gumba kikatoka kwenye doa, kikatua kwenye maua mazima, yenye ukwaruzo, ambayo unyayo wake haukuwahi kuyagusa. Huku nyuma kanyagio lilipanda kidogo tu. Akageuza gurudumu. Kisigino kikapanda, kidole kikakunjika mpaka mwisho wa uwezo wake, kikauma, na uwezo ule ukatosha kwa unywele mmoja. Gurudumu likapita.

Tiki.

Hakuweka kitambaa. Hakuweka uzi. Tiki-tiki, akasubiri maumivu yapite, tiki-tiki. Haukuwa mwendo wa zamani. Ulikuwa na kijipengo ndani yake, mwendo wa mtu anayetembea na kiatu kimoja. Kifungo aligeuza kichwa. Alisikiliza kwa uso mzito wa mtoto mchanga, kama anayesikia mtu wa kwao anaongea na mafua. Bi Pindo hakumtazama moja kwa moja, aliogopa kumwomba. Tiki-tiki, ti. Tiki-tiki, ti. Chuma kikaanza kupata joto la nyayo. Kipande cha jua kilikuwa kimefika kwenye kanyagio, na mguu uliingia ndani yake na kutoka, ndani na kutoka. Hakujua ni muda gani umepita alipoona vidole vya mtoto vimelegea kwenye ukingo wa kapu.

Hakuacha. Aliendelea kwa ajili ya yule mwingine mkekani, ambaye naye, miaka mingi nyuma, alilazwa kwenye kapu la namna hiyo hiyo.

Mzee alirudi mapema akakuta nyumba nzima imelala isipokuwa cherehani. Alisimama mlangoni na makopo yake mikononi. Alitazama sindano isiyo na uzi, akatazama mguu, ulipowekwa, na uso wa mkewe, unaoumia na kutulia kwa pamoja. Aliweka makopo chini bila kuyagonganisha, akaenda kulishika boksi la mota, lililokuwa limesogezwa hadi penye pazia, alitoe njiani.

"Liache," Bi Pindo akanong'ona, mguu haujasimama.

"Nimwambie fundi asije?"

"Mwambie asije. Boksi liache. Jioni mguu utavimba, nao hauna pengine pa kukaa."

Akaliacha. Akatafuta pa kuketi, akakosa, viti vyote vina nguo za wateja. Akaketi juu ya boksi.